Aliyetuingiza Kwenye Duara

Sijawahi kumchukia mtu kwa bidii kama nilivyomchukia mwalimu wangu wa salsa. Nasuka nywele Msasani, hii ya Tukuyu si ya Dar, mwaka wa kumi na tano sasa, na saluni ni mahali ambapo chuki hupata malezi mazuri. Unaianza asubuhi na mteja wa kwanza, wa pili anaongeza chumvi, ikifika jioni imeiva na kila mtu amepewa sahani. Ya kwake niliilea hivyo. Kwa hiyo anayetaka kusoma sifa za mzee mwema, hapa amepotea njia. Na asidhani naandika kwa sababu amekufa. Yuko hai, na ninavyomjua atatuzika wote.

Jina lake silitaji. Tulimwita Mwalimu. Alizaliwa wapi na nani, sikuuliza, na sijisikii kuuliza leo. Ninachojua ni kwamba mchana alikuwa fundi suruali karibu na soko, kwamba wazee wake walipanda huku kutoka pwani na biashara ya nguo, na kwamba kila Jumatano na Jumamosi, akishaswali alasiri, alifungua ukumbi mdogo nyuma ya gesti moja mjini Tukuyu, akatufundisha sisi watu wa migombani dansi ya watu wa visiwa vya mbali.

Alikuwa mrefu, mkavu, na suruali zake zilikuwa na mkunjo wa kukatia sabuni. Alitafuna karafuu huku akitukataza sisi kutafuna bigijii. Alitutaka tufike saa kumi kamili, yeye akafika saa kumi na nusu, na aliyefika saa kumi na robo alikuwa mchelewaji kwa sababu saa kumi, Mwalimu akiwa bado njiani, alimhesabu kuwa yupo na kumbe hayupo. Ukijaribu kumwelewa unachoka kabla hujacheza.

Sakafu ya ukumbi ilikuwa saruji tupu. Ili viatu viteleze, Mwalimu aliinyunyizia poda ya watoto. Kwenye miji mikavu labda hilo ni jambo la busara. Tukuyu, ambako hata shuka kabatini haziamini kwamba zimekauka, poda ile ilinyonya unyevu na kuwa uji, na sisi tulirudi nyumbani tukinukia watoto wachanga huku tope likiwa limetufika magotini. Tulimwambia. Alisema kosa ni la miguu yetu. Wiki iliyofuata alinunua kopo kubwa zaidi.

Raba alizipiga marufuku. Alitaka viatu vyenye soli ya ngozi. Kijana mmoja mkulima wa viazi kutoka Kawetele alikuja na mabuti, ndiyo viatu alivyokuwa navyo, na Mwalimu akamvua mabuti yale mbele ya watu na kumchezesha pekupeku kwenye saruji ya mwezi wa sita. Nilimwona kijana anapandisha vidole juu kwa baridi. Juma lililofuata akakuta chini ya benchi jozi ya viatu vya ngozi, vya mtumba lakini vimewekwa soli mpya, saizi yake hasa, na Mwalimu hakusema vimetoka wapi. Watu wa mjini wanapenda sana kukusimulia hilo la viatu. Wakishamaliza, waulize na la saruji.

Lakini ubabe wake hasa ulikuwa kwenye mitindo. Siku yangu ya kwanza niliingia na simu mkononi. Mtindo wangu nilikuwa nimeshauchagua, kama mteja anavyokuja na picha ya msuko. Kwenye video moja mwanamke alikuwa anazungushwa mpaka sketi inafunguka, anakwenda na kurudi kwenye njia moja nyembamba mbele ya mwanamume wake, uso umetulia kabisa. Nikasema, huu. Nikamwonyesha Mwalimu. Hakuipokea hata simu. Aliniambia nitembee hadi getini, nirudi. Mvua ilikuwa inanyunya. Nikatembea, watu wote mlangoni wakiniangalia, nikarudi mabega yamelowa.

"Mtindo hauchaguliwi kama kitenge," alisema. "Miguu yako nimeiona. Wewe wa mstari."

Ndicho hasa nilichokuwa nakitaka, na bado alinipa kwa namna iliyonifanya nisikitake tena. Ndivyo alivyokuwa, hata zawadi yake ilikuja imefungwa kwa tusi.

Kwa asiyejua, salsa ina mitindo, na wachezaji wake wanagombana kama watu wa madhehebu. Kwenye mstari mnakuwa wawili tu, mwanamume na mwanamke, na mwanamke ana njia yake ya kupita mbele na nyuma. Ndani ya mstari huo wapo wanaoanza hatua kubwa kwenye hesabu ya moja na wapo wanaoanza kwenye mbili, na hao nao hawapikiki chungu kimoja. Halafu kuna duara, mtindo wa Kuba. Huko watu wanazungukana, na wakiwa wengi wanafanya mviringo mmoja mkubwa. Mmoja anatoa amri kwa sauti, na akiamuru, kila mwanamume anamwachia mwanamke aliye naye na kumpokea anayefuata upande wa kulia. Wenyewe wana neno lao la kigeni. Mwalimu alilitupa, akaweka lake: Pokea.

Yeye alijigamba kuijua yote, na mwanzo alitugawa kwa miguu yetu. Mwalimu mmoja wa sekondari, mama mzima mwenye wajukuu, aliwahi kujifunza Mbeya kuanza kwenye mbili. Aliwekwa benchini wiki mbili ili asahau. Tena alitakiwa akae kimya anaposahau. Nesi mmoja aliyekuwa anajifunzia kwenye simu usiku aliambiwa kwamba anacheza kama mtu anayefukuza kuku gizani, na kweli kabisa ndivyo alivyocheza, lakini kuna mambo ya kweli ambayo mtu mwenye adabu huyameza. Ukimuuliza kwa nini mkewe haji ukumbini, alijibu kwamba nyumbani kila mtu ana mtindo wake. Hakuna aliyejua kama huo ulikuwa utani, kwa sababu uso wake haukusaidia.

Nitamtendea haki mahali pamoja, kisha niendelee. Alinifundisha. Mimi ambaye kwa siku nzima nasimama nyuma ya kichwa cha mtu mwingine, nilipata saa mbili kwa wiki za kusimama mbele. Mwenzangu wa mstari alikuwa karani mmoja wa ofisi, mwenye mikono ya baridi na hesabu sahihi, na baada ya miezi minane nilikuwa nazungushwa mara tatu bila kuyumba. Mume wangu, ambaye siku nyingi yuko njiani na lori la ndizi kwenda Dar, alisema nimeanza hata kutembea tofauti nikibeba ndoo. Nilifurahi kama mtoto.

Sasa nimlete baba mkwe, maana bila yeye nisingekuwa na sababu ya kuandika.

Baba wa mume wangu alikuwa bwana shamba mstaafu, anakaa Kawetele. Mimi nilizaliwa mjini, lakini niliolewa kwenye nyumba inayoshika mila za Kinyakyusa, na kabla ya harusi shangazi wa mume alinifungia ndani siku nzima akanifunza. Mkamwana hamtazami baba mkwe. Hampi mkono, hatamki jina lake, halali wala hali chumba alichomo. Ukikutana naye njiani unashuka kwenye migomba, unachuchumaa, unageuza uso mpaka apite. Chakula unapika wewe, anapeleka mwingine. Wasichana wa saluni wananicheka, wanasema hizo ni habari za bibi zao. Mimi sikuona mzigo. Kwangu ilikuwa ndiyo njia pekee niliyopewa ya kumwambia yule mzee kwamba namheshimu, na nilikuwa na sababu. Nilikaa miaka minne kwenye ndoa bila mtoto. Ndugu walipoanza kunong'ona habari za mke wa pili, baba mkwe aliwaita, akawaambia kwamba nyumba yake haina mlango wa nyuma wa kupitishia mwanamke mwingine. Maneno hayo yalinifikia kupitia kwa shangazi. Sikuwa na njia ya kumshukuru zaidi ya kuzidi kuchuchumaa vizuri.

Basi mzee akashikwa na sukari. Daktari wa kliniki akamwambia mwili utoke jasho mara mbili kwa wiki. Akajaribu kutembea, lakini Kawetele kutembea ni kupanda na kuteremka kwenye utelezi, akaanguka mara mbili. Jumamosi moja nikiwa katikati ya zamu yangu ya kuzunguka nikasikia mlango, nikaona kofia na koti la mvua ninalolijua, nikakimbilia nyuma ya spika. Baba mkwe alikuwa amekuja kujifunza salsa.

Nilitaka kuacha siku ile ile. Mume wangu kwa simu akasema baba amefurahi sana kupata mahali, na ameuliza kama mimi nitaona vibaya, na yeye amemjibu kwamba ukumbi ni mkubwa. Na ni kweli, mstari uliniokoa. Mwalimu alimweka mzee dirishani na yule mama wa sekondari, mimi nikabaki mlangoni na karani wangu, kila mtu kwenye njia yake. Sikumtazama hata mara moja. Jambo moja tu sikuweza kulizuia: nilimsikia anacheka. Kwa miaka yote ile nilikuwa sijawahi kukaa mahali ambapo kicheko chake kinafika. Alicheka kila alipokosea, na alikosea sana.

Kundi la WhatsApp la darasa nilijitoa. Kukaa kundi moja na baba mkwe, akituma picha ya maparachichi yake na mimi naiona, niliona ni kama kukaa sebule moja. Mwalimu aliniita mbele ya wenzangu akaniuliza kama simu yangu nayo imeolewa.

Tulikwenda hivyo miezi mitatu. Kisha Jumamosi moja Mwalimu akatangaza, bila salamu, kwamba kuanzia siku ile mstari umekwisha na sote tunaingia duara. Watu walishangaa, kwa sababu mtu huyo huyo alikuwa ametuapia kwamba miguu haibadilishwi mtindo. Nikahesabu kwa macho: jozi nane. Nikaelewa kwamba kila mwanamume wa ukumbi ule atanifikia mkononi, na mmoja wao ni yule ambaye sitakiwi hata kumtazama.

Nilimfuata baada ya darasa. Nilizungumza naye kwa upole, nikimwita baba. Nilimweleza kile ambacho hakuhitaji kuelezwa, maana amekulia Tukuyu na anajua mila zetu kuliko vijana wetu. Nikamwomba niendelee na mstari pembeni. Akakataa. Nikamwomba basi nije siku nyingine. Akakataa. Nikamuuliza, kama hivyo ndivyo, kwa nini siku ya kwanza alinichagulia mstari.

"Anayeanza hachagui, bibie," alisema, akiwa anakunja waya wa spika. "Na wewe bado unaanza."

Mwenye akili angeacha. Mimi nilikuwa na kichwa kigumu na nilikuwa naipenda ile dansi, nikaamua kumshinda kwa hesabu. Kwenye duara wanaume ndio wanaohama, kwenda kulia. Nikahakikisha kwamba kila tukijipanga, baba mkwe anasimama na mwanamke aliye kulia kwangu. Kwa hiyo alipohama alikuwa anakwenda mbali nami, na ingehitajika amri saba ili azunguke duara zima na kunifikia. Nilimpeleleza Mwalimu. Wiki ya kwanza alisema Pokea mara nne, akasimamisha muziki. Ya pili nne. Ya tatu nne. Nikajiona mjanja, nikaanza hata kufurahia duara lenyewe, namna watu wanavyopita mbele yako mmoja mmoja, kila mkono na joto lake.

Wiki ya nne, amri ya kwanza, ya pili, ya tatu, ya nne. Nikalegeza mabega. Mwalimu akasema tena Pokea. Nikamwangalia, yeye hakuniangalia. Akasema ya sita. Aliyekuwa na mimi wakati huo alikuwa yule kijana wa viazi, na nadhani nilimwumiza vidole. Nilikuwa bado na nafasi ya kutoka, mlango uko hatua tano, na sikutoka. Nilifikiri Mwalimu hatathubutu kufika saba.

Alithubutu. Kijana akaniachia, na kwenye sakafu nikaona viatu vya kahawia vya mzee vinakuja, vinaingia mbele yangu, vinasimama. Nilifanya nilivyofunzwa. Nilichuchumaa pale pale katikati ya watu, nikageuza uso ukutani, nikajifunika kwa kitenge nilichokuwa nimekifunga kiunoni. Duara likavunjika, mtu na mwenzake wakagongana. Mmoja akacheka. Muziki haukuzimwa.

"Simama," nikamsikia Mwalimu. "Hapa hakuna mkwe. Hapa kuna hesabu."

Sikusimama mpaka vile viatu viliporudi nyuma. Kisha nilitoka nimeinama, nikaenda nyumbani kwenye mvua bila mwavuli, na viatu vyangu vya soli ya ngozi nikampa jirani.

Baba mkwe naye hakurudi ukumbini. Alisema kwa watu wa nyumbani kwamba amezeeka kwa mambo yale. Akakaa. Mtu wa sukari akikaa, mwisho wake unajulikana. Kwanza kidonda cha dole gumba, kisha mguu, kisha hospitali ya Mbeya, na masika ya pili tangu siku ile tulimzika kwenye migomba yake. Hata hospitali nilipeleka uji nikauacha kwa nesi mlangoni. Nilikuwa nahesabu kila hatua ya ugonjwa ule, na kila hatua niliiandika kwa jina la Mwalimu.

Na chuki hiyo sikuiweka moyoni. Kila kichwa kilichoinama mbele yangu pale saluni kilisikia habari za mtu aliyemvunjia heshima mzee wa watu na mkamwana wake kwa kujifurahisha. Nilisimulia vizuri, nina kipaji. Waume wakawakataza wake zao kwenda. Wachungaji wakapata la kusema. Karani akahamia kwenye mpira, na mwenye gesti akakodisha ukumbi kuwa ghala la mahindi. Siku ya msiba wa baba mkwe Mwalimu alikuja na kanzu nyeupe, kichwa chini, na mimi nikamtuma shemeji yangu akamwambie hapa hakuna nafasi ya kukaa. Kwetu msiba haufukuzi mtu. Hata anayetuhumiwa kumroga marehemu anapewa kigoda na ndizi. Nilimfukuza mbele ya ukoo mzima na sikuona aibu. Usiku ule nililala vizuri.

Mwaka jana niliitwa Nkunga kumpamba bibi harusi. Nilimaliza mapema, nikatoka kutafuta pikipiki, mvua ikanikamata njiani, ikawa ya kutoona mbele. Nikakimbilia kwenye baraza ya duka lililofungwa. Lilikuwa na benchi moja, na juu yake alikuwa amekaa Mwalimu, kilemba cha sufu kichwani, mfuko wa mbegu za maharage miguuni. Nilikuwa nimesikia kwamba alihamia huko kwenye shamba la watu wa mkewe, maana mjini wateja wa suruali nao walikuwa wamempungua. Nilisimama mwisho wa baraza, maji yakinirukia miguu, kuliko kukaa naye benchi moja.

Nilikamua pindo la kitenge changu. Kisha akasema, bila kugeuka, kwamba nimemmaliza na mimi ni fundi wa kumaliza watu. Nikamjibu kwamba hajamalizwa bado, anakula maharage, na aliyemalizwa yuko Kawetele chini ya migomba. Nilisema yote. Nilimwambia kwamba yule mzee alikuwa amepata mahali pa kutoa jasho na yeye akampokonya kwa sababu ya duara lake. Nikamuuliza ni nani alimtuma abadilishe mtindo wa watu waliokuwa wanacheza kwa amani.

"Yeye," alisema.

Sikuelewa. Ikabidi anieleze, na alinieleza kwa hasira, akitema karafuu kati ya sentensi. Baba mkwe alikwenda kwenye cherehani yake siku moja ya katikati ya wiki, akakaa kwenye stuli ya wateja, akamuuliza kama katika mitindo yote hiyo upo ambao watu hupokezana. Mwalimu akamwambia upo. Mzee akasema basi anachagua huo. Mwalimu akamwambia anayeanza hachagui. Mzee akamwambia amsikilize kwanza.

"Aliniambia hivi," Mwalimu alisema. "'Yule binti ananipikia mwaka wa kumi na moja huu, na sijapata kumwambia ndaga, asante tu, machoni pake. Nyumbani siwezi, nitamwaibisha. Lakini ngoma ina mwenye amri wake. Amri ikitoka kwako, Mwalimu, hakuna aliyekosa, si mimi si yeye.' Nikamwambia nitamwonya binti kwanza. Akaniapisha nisikuambie. Alisema ukijua, utakuja kwa sababu umeambiwa, na yeye amechoka na watu wa kuambiwa."

Nilimuuliza kwa nini basi wiki tatu aliishia nne. Alitazama mvua. Akasema aliogopa. Kila akifika nne alimwona mzee anamtazama ng'ambo ya duara, na ulimi unamkataa, anazima muziki. Wiki ya nne mzee alimjia kabla ya kuanza, akamwambia mguu umeanza kuwaka moto na hana siku nyingi za kuja.

"Ulipochuchumaa alikuwa ameshanyoosha mkono," alisema. "Sisi wote tuliuona. Nikakupigia kelele usimame, maana ningefanyaje? Ningetaja siri ya mtu mbele ya watu?"

Nikamwambia angeweza kunieleza mzee alipofariki. Akanikumbusha, kwa sauti ndogo kabisa, kwamba alikuja. Akasema alikuwa amekuja msibani kwa ajili ya hilo tu, na shemeji yangu akamrudisha njiani.

Ningependa kuandika kwamba nilimwomba radhi. Sikumwomba. Nilimwona bado ni yule yule, mwenye kiburi, mtu aliyejua kumwagiza mtu lakini hakujua kumshika mkono, na hasira yangu ilikuwa bado inamtafuta. Ila ilikuwa haimpati vizuri tena, inamgusa inarudi kwangu. Nilimuuliza jambo moja lililobaki. Nilimuuliza, baba mkwe alisema nini nilipokwisha kutoka.

Mwalimu aliufunga vizuri mdomo wa mfuko wa mbegu. "Hakukasirika," alisema. "Alisimama anautazama mlango, akatuambia, 'Mmemwona? Huyo ndiye mkamwana wangu. Amefunzwa huyo.' Kisha akaomba kiti."

Mvua ilikuwa haijaonyesha dalili ya kupungua. Nikamwambia Mwalimu asogee nipate kukaa. Alisogea, akauvuta na ule mfuko wa mbegu usilowe. Tulikaa hivyo, yeye upande wake na mimi upande wangu, mpaka pikipiki ilipokuja.